Kahawa ya Buhaya na Pauni ya London, 1919–1939

Kabla haijawa zao la kuuzwa Ulaya, kahawa ya Buhaya, nchi ya Wahaya iliyo magharibi mwa Ziwa Victoria, ilikuwa kitu cha kutafuna. Tunda lilichumwa likiwa bado bichi, likachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, likaanikwa hadi likakauka kabisa, kisha likawekwa ndani kumngoja mgeni. Mgeni aliyefika nyumbani alipewa kahawa kwanza, mazungumzo yakafuata. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waligawana buni mbili za tunda moja, kila mmoja akala ile iliyoguswa na damu ya mwenzake. Kitu chenye heshima ya namna hiyo hakikuachwa kiholela. Abakama, watawala wa falme za Buhaya, walisimamia nani apande mibuni na wapi, na sehemu ya mavuno iliishia ikulu. Biashara ilikuwapo pia, maana kahawa kavu ya huku ilitafutwa Buganda na Karagwe muda mrefu kabla ya mzungu wa kwanza kuiona.

Naanza huko makusudi. Vitabu vingi vinapoeleza uchumi wa Ulaya kati ya vita viwili vya dunia, vinataja Berlin, Vienna, London na New York, na msomaji wa Bukoba au Muleba anabaki kuamini kwamba hayo yalikuwa mambo ya wenyewe. Hayakuwa. Kufikia mwaka 1930 hapakuwa na nyumba yenye kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni, kuanzia Kanyigo hadi Kamachumu, ambayo kodi yake, nguo zake na ada za watoto wake hazikutegemea maamuzi ya mabenki ya miji hiyo. Mji wa Bukoba wenyewe, pamoja na eneo la Miembeni, ulikua kwa sababu kahawa ya vijijini ilishuka mjini kupimwa na kuuzwa ili ivushwe ziwa. Kwa hiyo kisa cha pauni, faranga na dhahabu ni sehemu ya historia ya nyumbani, na inafaa kisimuliwe kutokea huku.

Mjerumani ndiye aliyeanza kuigeuza kahawa. Emin Pasha alianzisha boma la Bukoba mwaka 1890. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwishoni mwa 1901, reli ya Uganda iliyojengwa na Waingereza ilifika Kisumu, na meli za ziwani zikaunganisha Bukoba na reli hiyo, kisha Mombasa, kisha bahari. Lilikuwa jambo la ajabu kidogo: wilaya ya koloni la Ujerumani ilipata njia yake ya kwenda sokoni kupitia koloni la Uingereza. Serikali ya Kijerumani ilidai kodi kwa rupia, na rupia ilipatikana kwa kahawa. Mibuni ikaongezeka kati ya migomba.

Kisha vita. Mwezi Juni 1915 majeshi ya Waingereza yalivuka ziwa, yakaushambulia mji wa Bukoba na kubomoa mtambo wa simu ya upepo, yakarudi. Mwaka uliofuata yakaja kukaa. Vita ilipokwisha, Tanganyika ikawekwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, Uingereza ikiwa msimamizi, na Ujerumani ikaachwa na deni la fidia lililopangwa mwaka 1921 kuwa marki za dhahabu bilioni 132. Deni hilo halikuandikwa Bukoba wala halikulipwa Bukoba, lakini tutaona lilivyokuja kuigusa bei ya debe la kahawa huku.

Jambo la kwanza Waingereza walilolibadilisha, na ambalo kwa maoni yangu lilikuwa kubwa kuliko mipaka na bendera, lilikuwa sarafu. Chini ya Wajerumani watu walihesabu kwa rupia, na rupia moja ilikuwa heller 100. Katika Kenya na Uganda pia rupia ya Kihindi ndiyo iliyotumika, kwa kadiri ya rupia 15 kwa pauni moja. Mara baada ya vita bei ya fedha, yaani madini, ilipanda sana duniani, na rupia ikapanda nayo hadi ikavuka shilingi mbili za Kiingereza. Walowezi wa Kenya, wenye madeni benki, wakalalamika. Serikali ya London ikaamua mwaka 1920 kwamba rupia moja ihesabiwe shilingi mbili, ikaleta florini kwa muda mfupi, kisha ikaingiza shilingi ya Afrika Mashariki, 20 kwa pauni. Kati ya 1919 na 1922 mtu wa Bukoba aliweza kushika mkononi aina tatu za pesa, na asijue ni ipi itakayokubaliwa na mtoza kodi wa mwaka ujao.

Shilingi hiyo ilikuwa na sura ya Mfalme George wa Tano upande mmoja na simba upande wa pili, na robo tu ya uzito wake ilikuwa fedha. Nyuma yake palikuwa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa Desemba 1919. Makao ya bodi hiyo hayakuwa Nairobi wala Dar es Salaam. Yalikuwa London. Ilitoa shilingi huku pale tu pauni zilipolipwa kule, na mtu aliyetaka kuzirudisha shilingi zake alilipwa pauni kule. Haikuwa na kazi nyingine. Haikukopesha serikali za huku, haikusaidia benki iliyoyumba, wala haikuweza kuongeza pesa mwaka wa njaa. Akiba yake iliwekwa katika hati za dhamana huko Uingereza, na kwa sababu ya hasara ya kukusanya rupia za zamani, kwa miaka mingi akiba hiyo haikutosha hata kuzifidia shilingi zote zilizokuwa mikononi mwa watu.

Hapa ndipo mtambo wenyewe ulipo. Kahawa ikiuzwa kwa wingi na kwa bei nzuri, pauni zinaingia London, shilingi zinatoka huku, na Bukoba inajaa pesa. Bei ikianguka, pauni zinapungua, shilingi zinarudishwa kwenye bodi, na pesa zinakauka sokoni wakati uleule watu wanapozihitaji zaidi. Nchi yenye benki kuu yake ingeweza angalau kujaribu kuupunguza ukame huo. Tanganyika haikuwa na cha kujaribia. Benki kubwa tatu zilizofanya kazi nchini, National Bank of India, Standard Bank of South Africa na Barclays, zilihudumia serikali, makampuni na wafanyabiashara. Kibanja cha Mhaya hakikukubaliwa kuwa dhamana ya mkopo, kwa hiyo mkulima hakuwa mteja wao.

Miaka ya 1920 ilianza vibaya, ikaendelea vizuri. Serikali iligawa miche na kuwashinikiza Abakama, Abakama wakawashinikiza watu, lakini baada ya muda watu hawakuhitaji kusukumwa. Bei ilikuwa nzuri. Nyumba za mabati zilianza kuonekana, baiskeli zikaingia vijijini, na wazazi wakalipia watoto masomo kwenye misheni. Vibarua kutoka Burundi na Rwanda walivuka kuja Buhaya kutafuta kazi katika vibanja, na Wahaya wenye uwezo wakawaajiri. Mwaka 1928 reli ilifika Mwanza kutoka Tabora, hivyo kahawa ya Bukoba ikawa na njia mbili za kwenda baharini, ya Kisumu na ya Mwanza.

Uzuri huo ulikuwa na upande mwingine, nao ni ardhi. Palipokuwa na mibuni mingi ndipo palipotamaniwa. Desturi ya nyarubanja, ambamo mtwazi, yaani bwana wa ardhi, alihesabiwa kuwa mwenye vibanja vya watu waliokaa humo kwa vizazi, ilikuwapo tangu zamani, lakini sasa ilibeba thamani mpya kwa sababu mpangaji aliyepanda mibuni alimpandishia mwenye nyarubanja mali. Machifu na jamaa zao walidai maeneo zaidi, na serikali ya Gavana Donald Cameron, iliyowategemea machifu katika utawala wake wa kupitia wenyeji, haikuwa na haraka ya kuwazuia. Vijana waliosoma waliliona jambo hilo mapema. Mwaka 1924 waliunda chama, Bukoba Bahaya Union, na miongoni mwa waanzilishi wake alikuwamo Klemens Kiiza, ambaye jina lake tutakutana nalo tena.

Wakati huo Ulaya ilikuwa inapambana na pesa yake. Ujerumani ilichapa noti hadi zikawa takataka: kufikia Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa marki trilioni 4 na zaidi, ndipo sarafu mpya ikaanzishwa. Uingereza ilichagua kosa la kinyume chake. Mwaka 1925 waziri wake wa fedha, Winston Churchill, aliirudisha pauni kwenye dhahabu kwa thamani ileile ya kabla ya vita, dola 4.86, kana kwamba vita haikutokea. Mchumi John Maynard Keynes alisema waziwazi kwamba pauni imewekwa juu kuliko nguvu zake kwa karibu asilimia 10. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza waliambiwa wakubali mishahara midogo ili bidhaa za nchi yao ziuzike, wakakataa, na mwezi Mei 1926 wafanyakazi wa nchi nzima wakagoma kuwaunga mkono.

Hakuna aliyemuuliza mkulima wa Ihangiro kuhusu dola 4.86, lakini shilingi yake ilikuwa pauni iliyogawanywa mara 20, kwa hiyo alipandishwa nayo. Kahawa ni bidhaa ambayo bei yake duniani iliamuliwa zaidi New York na Brazili. Pauni ikiwa ghali, bei ileile ya dola inaleta shilingi chache zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 bei ya dunia ilikuwa juu kiasi kwamba watu hawakuhisi makato hayo.

Bei hiyo ilikuwa juu kwa sababu ya mkopo. Brazili ilikuwa ikilima kahawa nyingi kuliko dunia ilivyoweza kunywa, na jimbo la São Paulo lilinunua ziada na kuifungia maghalani kwa pesa zilizokopwa London na New York. Oktoba 1929, mwezi ambao soko la hisa la New York lilianguka, mikopo ilikauka na mpango ukavunjika. Mwaka 1930 mabenki yakatoa mkopo mwingine wa pauni milioni 20 ili kahawa iliyorundikana iuzwe polepole, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Kilo moja ya kahawa ya Santos ya Brazili huko New York mwaka 1931 ilipata chini ya nusu ya bei ya 1929. Brazili ikaanza kuichoma. Kati ya 1931 na 1944 iliteketeza karibu magunia milioni 78 ya kilo 60, mengine motoni, mengine baharini. Tuseme wazi: kahawa iliyolimwa kwa jasho la watu ilichomwa moto wakati mkulima mwenzao wa Bukoba anahimizwa apande zaidi.

Ulaya nayo ikavunjika mwaka huohuo. Mabenki ya Ujerumani na Austria yalikuwa yakiishi kwa mikopo ya muda mfupi kutoka Marekani. Pesa hizo ndizo zilizoiwezesha Ujerumani kuwalipa fidia Ufaransa na Uingereza, nao wakazitumia kulipa madeni yao ya vita kwa Marekani. Wamarekani walipoacha kukopesha, mzunguko ukakatika. Tarehe 11 Mei 1931 ilitangazwa kwamba Creditanstalt, benki kubwa kuliko zote za Vienna, imepata hasara isiyobebeka. Mwezi Julai benki ya Danat ya Ujerumani ikafunga milango. Wenye amana wakageukia kuitoa dhahabu yao London. Serikali ya chama cha Labour ilipasuka mwezi Agosti kwa kugombana juu ya kupunguza posho ya wasio na kazi, na tarehe 21 Septemba 1931 Uingereza ikaiondoa pauni kwenye dhahabu. Kabla mwaka haujaisha, pauni ilikuwa chini ya dola 3.50.

Shilingi ya Bukoba iliteremka siku hiyohiyo. Tupige hesabu, maana hesabu inaonyesha kile ambacho maneno hayawezi. Chukua shehena ya kahawa iliyouzwa dola 100 mwaka 1929. Kwa pauni ya dola 4.86 hiyo ni shilingi 412. Mwaka 1931 bei imeanguka na shehena ileile inaleta dola 40. Kama pauni ingebaki kwenye dhahabu, zingekuwa shilingi 165 tu. Kwa pauni ya dola 3.50 zinakuwa 229. Kwa hiyo kuanguka kwa pauni kulimsaidia mkulima, tena si kidogo. Lakini hajapokea bado. Kati ya kibanja na bandari ya Mombasa kuna mchukuzi, mnunuzi wa kijijini, mwenye mashine ya kukoboa mjini, meli, reli, bima na ushuru, na nauli za reli hazikushuka kwa kasi ya kahawa. Tuseme gharama hizo zote zilikuwa shilingi 150 nyakati zote mbili. Mwaka 1929 mkulima anabaki na 262. Mwaka 1931 anabaki na 79. Bei ya dunia imepungua kwa sehemu tatu katika tano, mapato ya mkulima yamepungua kwa zaidi ya sehemu mbili katika tatu, na kodi ya kichwa inadaiwa vilevile.

Wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa na maduka mjini ndio waliolaumiwa zaidi, na ni kweli baadhi yao walipunja mizani na kukata kwa kisingizio cha unyevu. Hata hivyo nao walikuwa katikati ya mnyororo: walikopa bidhaa Mombasa, wakawakopesha watu nguo na sabuni, wakalipwa kahawa ambayo bei yake ilikuwa imeshuka kabla haijafika pwani. Sheria ya 1931 ya kudhibiti mikopo kwa wenyeji ilimzuia asiye Mwafrika kudai mahakamani deni alilomkopesha Mwafrika bila kibali. Ililenga kumlinda mkulima. Lakini mkulima mwenye shida bado alihitaji shilingi za kodi mwezi huu na kahawa yake ilikuwa bado maua, na sheria haikumpa mahali pengine pa kuzipata. Leo watu wa Kagera wanaiita butura desturi ya kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, na serikali baada ya serikali imeipiga marufuku. Chanzo chake kiko hapahapa, kwenye pengo kati ya siku ya kodi na siku ya mavuno.

Pigo lingine lilikuja kama neema. Viwanda vya pamba vya Lancashire, vilivyoivisha nguo nusu ya dunia kabla ya vita, vilikuwa taabani miaka yote hii. Japani ilikuwa na mashine mpya na mishahara ya chini, na Desemba 1931 nayo ikaiondoa yeni kwenye dhahabu, yeni ikateremka kuliko pauni. Vitambaa vya marekani na kaniki vya Kijapani vikaja Afrika Mashariki kwa bei ambayo Manchester haikuiweza. Mwaka 1934 Uingereza iliweka viwango vya kuzuia nguo za Kijapani katika makoloni yake mengi, lakini Afrika Mashariki haikuguswa, kwa sababu mikataba ya Bonde la Kongo ya 1885 na 1919 iliilazimu kuacha mlango wazi kwa mataifa yote. Kwa mama wa Nshamba aliyekuwa na shilingi mbili tu, kitambaa cha Osaka kilikuwa msaada wa kweli. Ni nadra mkataba ulioandikwa Ulaya kumnufaisha mtu wa kawaida wa huku, na huu ulimnufaisha.

Serikali ya Dar es Salaam ilifanya nini? Ilipunguza matumizi. Mwaka 1932 London ilimtuma Sir Sydney Armitage-Smith kuchunguza hesabu za Tanganyika, na ripoti yake ilidai kubana zaidi. Gavana Stewart Symes akaanzisha kampeni ya kupanda mazao zaidi: kama bei imeshuka, kila mtu aongeze magunia ili kodi na mapato ya reli vipatikane. Kwa hazina ya serikali hesabu hiyo ilikuwa sawa. Kwa mkulima ilimaanisha kazi mara mbili kwa pesa ileile, na kwa soko la dunia lililokuwa likichoma kahawa ilimaanisha kuongeza kuni.

Wapo waliotafuta pesa mbali. Katika miaka ya 1930 wanawake wengi wa Kihaya walikwenda Nairobi, Pumwani hasa, na katika miji mingine ya Afrika Mashariki, wakajipatia riziki kwa kuuza miili yao. Watu walizoea kulitaja jambo hilo kwa dharau, na bado wapo wanaofanya hivyo. Wanahistoria waliozungumza na wanawake hao walipozeeka walikuta jambo tofauti: wengi walikuwa mabinti wa nyumba zilizoangushwa na bei ya kahawa, na pesa walizotuma zililipa madeni ya baba, zikakomboa vibanja, zikanunua vingine. Kuna ukoo ambao ardhi yake ipo hadi leo kwa sababu binti mmoja alikwenda Nairobi. Anastahili kuwekwa katika historia ya uchumi ya mkoa huu pamoja na machifu na wafanyabiashara, kwa heshima ileile.

Njia nyingine ilikuwa kuungana. Kule Kilimanjaro, Wachaga walikuwa na chama cha wakulima wa kahawa tangu 1925, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake, na baada ya sheria ya vyama vya ushirika ya 1932 chama hicho kikageuzwa mwaka 1933 kuwa Kilimanjaro Native Co-operative Union (KNCU). Bukoba haikupewa. Wilaya iliyokuwa na wakulima wengi wa kahawa Waafrika, yenye vijana waliosoma na chama tangu 1924, iliendelea kuuza kupitia kwa wanunuzi binafsi. Klemens Kiiza na wenzake waliunda chama cha wakulima wenyeji ili wauze kahawa yao moja kwa moja, lakini hawakupata kibali na msaada waliopata wenzao wa Moshi. Sababu si ngumu kuziona. Serikali iliwaamini Abakama, na hawa vijana walikuwa wakosoaji wa Abakama. Chama cha ushirika kikubwa kingewapa wakosoaji hao pesa, ofisi na wanachama katika kila kijiji. Nionavyo, hofu ya kisiasa ndiyo iliyomnyima mkulima wa Buhaya chombo cha kujikinga wakati alipokihitaji kuliko wakati wowote.

Badala ya ushirika zikaja kanuni. Wanunuzi wa Ulaya walikuwa sasa na kahawa ya kuchagua. Ujerumani, ambayo tangu 1934 ilizibana fedha za kigeni chini ya waziri wake wa uchumi, Hjalmar Schacht, ilinunua zaidi kwa nchi zilizokubali kupokea bidhaa za Kijerumani badala ya pesa, Brazili ikiwamo. Kahawa ya Bukoba ililaumiwa kuwa chafu: tunda bichi na bivu kukwanyuliwa pamoja, kuanikwa juu ya udongo, kufungwa kabla ya kukauka. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Anayepokea bei moja kwa kahawa nzuri na mbaya hana sababu ya kurudi kwenye mbuni mmoja mara tatu kuchuma yaliyoiva tu. Serikali haikugusa bei. Ilitoa, kwa mamlaka ya Abakama, masharti ya namna ya kutunza mibuni na kuandaa zao, na wasimamizi wakaruhusiwa kuingia katika vibanja kukagua, na asiyetii ashtakiwe.

Mapema mwaka 1937 watu walikataa. Kibanja cha Mhaya ni pale alipozikwa babu yake na pale anapokula, na mgeni mwenye daftari alipopita katikati ya migomba akihesabu mibuni, watu waliiona ardhi inachukuliwa. Mikutano ilifanyika, chama cha wakulima na tawi la African Association la Bukoba vikiwa mstari wa mbele, makundi yakawazuia wasimamizi kufanya kazi, na polisi wakaletwa. Viongozi walikamatwa. Mwaka huohuo Kilimanjaro nako kulitokea ghasia, huko wakulima wakilalamikia kulazimishwa kuuza kupitia KNCU pekee. Ukizisoma pamoja ghasia hizo mbili unaona kitu kilekile. Moshi walipewa chama kisha wakanyimwa hiari, Bukoba walinyimwa chama kisha wakaongezewa amri. Wote wawili walikuwa wakigombania haki ya kuamua juu ya kahawa waliyoilima, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anakataa kilimo bora.

Vita ya pili ilipoanza, serikali iliyokuwa imesema haiwezi kuingilia soko ililichukua soko lote. Wizara ya Chakula ya Uingereza ilinunua kahawa kwa mkataba na kwa bei iliyopangwa, na bodi ya kahawa ikawekwa Bukoba kusimamia ununuzi. Kumbe iliwezekana. Bodi hiyo iliwazoesha watu kuona zao lote la wilaya likiuzwa kwa mkono mmoja, na mwaka 1950 ukaundwa Bukoba Native Cooperative Union, miaka 17 baada ya KNCU na miaka 26 baada ya vijana wale kukutana kuunda Bukoba Bahaya Union. Nyarubanja iliondolewa kwa sheria katika miaka ya 1960, baada ya uhuru.

Bodi ya Sarafu ilihamishwa kutoka London kwenda Nairobi mwaka 1960. Tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango yake na kutoa shilingi ya Tanzania, bado 20 kwa pauni. Mwezi Novemba 1967 Uingereza ilishusha thamani ya pauni kwa zaidi ya asilimia 14. Tanzania ilikutana na Kenya na Uganda, na zote tatu ziliamua kwamba shilingi zao hazitashuka nayo.